Mdudu kwa Mujibu wa Sheria

Nchi ninayoisimulia ina bendera, ina wimbo wa taifa na ina foleni kama nchi nyingine zote, kwa hiyo msomaji asihangaike kuniuliza iko wapi. Iko. Ina majimbo mengi, mojawapo, la kwetu, linalima machungwa, na machungwa ya jimbo hilo yana funza. Hili la funza naomba lisinukuliwe popote. Kisheria sijaliona.

Nianze na hiyo sheria, maana bila hiyo mtu anaweza kudhani watu wa kwetu ni wendawazimu, kumbe ni watiifu tu.

Miaka ya nyuma Wizara ya Wadudu na Mafanikio ilileta dawa iitwayo Komesha. Ilikuja katika madumu ya njano yenye picha ya Mlezi Mkuu wa Nchi akitabasamu, kidole chake kikimwelekea inzi aliyelala chali. Na mwanzoni dawa ilifanya kazi, tusidanganyane. Ulikuwa unapuliza asubuhi, mchana unafagia inzi wa matunda kwa ufagio wa chelewa. Wakulima walicheza ngoma. Wabunge nao walifurahi, wakaona bora wafurahi kisheria. Wakakaa kutunga Sheria ya Wadudu, na papo hapo wakakwama kwenye kifungu cha kwanza, kile cha kueleza mdudu mharibifu ni nani hasa. Mbunge mmoja alisema ni yule mwenye mabawa. Mwingine akauliza, na asiye na mabawa je, tumwache tu? Wa tatu akamtaja mkwewe. Njaa ilipowazidi, mwenyekiti akapendekeza tafsiri fupi, safi, isiyo na ubaguzi: mdudu mharibifu ni mdudu yeyote anayekufa kwa Komesha. Wakapiga meza, wakaenda kula.

Tangu siku hiyo nyuki wakawa waharibifu, kwa kuwa walikuwa wanakufa vizuri sana. Vipepeo hali kadhalika. Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya michungwa kuwa viota na kumng'ata mtu shingoni akipita, walidondoka makundi kwa makundi, wakatangazwa waharibifu wa daraja la kwanza. Kuku pia walikufa, ila kuku si mdudu, kwa hiyo suala lao lilipelekwa kwenye kamati na liko huko mpaka leo.

Inzi wa matunda wenyewe hawakufa wote. Kila shamba lilibakiwa na wachache wenye vichwa vigumu, ambao Komesha iliwapitia kama manyunyu. Wenzao wakiwa wamekwisha, hao wakaoana wao kwa wao, wakazaa watoto wagumu kuliko wazazi. Wizara ikaagiza dozi iongezwe. Watoto wakazaa wajukuu. Wizara ikaongeza tena. Mtu mwenye akili ya kawaida angesema, jamani, tunawachinja wanyonge na kuwaachia wababe uwanja wazaliane, hebu tubadilishe mbinu. Lakini Wizara haikuwa inaajiri akili za kawaida. Iliajiri wenye shahada, na wenye ndugu.

Ikafika mahali inzi wanatua kwenye mdomo wa bomba la dawa na kusubiri lifunguliwe. Wanataga mayai kwenye chungwa likiwa bado bichi, funza wanaanguliwa humo na kula nyama yake, na chungwa linadondoka likiwa zuri kwa nje. Ukilishika linabonyea. Ukilipasua, samahani kama unakula, linatembea.

* * *

Wizara ilikuwa na inzi wake yenyewe. Msomaji asicheke, inzi hao walikuwa na jengo lao makao makuu, lenye vioo na kiyoyozi, na dereva. Walilishwa mapapai na maji ya sukari. Babu zao walichukuliwa mashambani kabla Komesha haijatengenezwa, na tangu hapo ukoo mzima haukuwahi kunusa dawa. Dokta Lugendo, Mkurugenzi wa Majaribio, aliwatunza kuliko alivyomtunza mama yake mzazi, ambaye alikuwa anaishi jimboni kwetu na paa linalovuja.

Kila mwaka, Siku ya Jaribio, inzi hao waliletwa jimboni kwa msafara wa magari yenye ving'ora. Tulifukuzwa barabarani ili wapite. Uwanjani bendi ilipiga, kizimba chao kikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cha satini, na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Balthazari Nyakunga, akashika bomba dogo la fedha na kupuliza mara moja. Inzi walianguka wote. Wengine, naapa, walianguka wakati wa hotuba. Walikuwa viumbe laini mno, hata salamu nzito ingewaua.

"Mmeona?" alinguruma Mheshimiwa kwenye kipaza sauti. "Mmeona kwa macho yenu? Sasa nani tena atakayefungua mdomo wake aseme Komesha haiui? Huyo hana ugomvi na dawa. Huyo ana ugomvi na taifa!"

Tulipiga makofi. Baadhi yetu tulikuwa na funza mifukoni, maana tulikuja na machungwa ya kula njiani.

Mwaka ule ndipo Bi. Mwantumu alipofanya jambo lake. Bi. Mwantumu alikuwa mjane, mwenye shamba la michungwa kule Bondeni ambalo yeye na marehemu mumewe walilipanda kwa mikono yao, wakibeba maji ya kumwagilia kutoka mtoni. Hakuwa na kitu kingine duniani. Na shamba lenyewe lilikuwa hatarini, kwa sababu kulikuwa na utaratibu wa kibao chekundu: shamba likitoa matunda mabovu linagongelewa kibao, na likigongelewa cha pili linachukuliwa na Serikali na kukabidhiwa kwa mtu anayeaminika. Mtu anayeaminika jimboni kwetu alikuwa mmoja tu, naye alikuwa shemeji yake Waziri. Bi. Mwantumu alishapata kibao cha kwanza.

Basi akatoka katikati ya watu akiwa na ndoo iliyofunikwa kipande cha chandarua, akaenda mpaka mbele ya meza.

"Shikamoo Mheshimiwa," alisema, ingawa alimzidi umri. "Naomba uwajaribu na hawa wa kwangu."

"Hao ni nini, mama?"

"Inzi. Wa shambani."

Waziri akamtazama Dokta Lugendo. Dokta akakohoa. "Wamesajiliwa?" aliuliza.

"Hawajasajiliwa, baba. Lakini wamezaliwa hapahapa. Wale wenu mmewaleta na gari."

Watu walicheka, na Mheshimiwa Nyakunga ni mwanasiasa, watu wakicheka lazima ashiriki. Akacheka pia, akaelekeza bomba la fedha kwenye ndoo, akapuliza. Akapuliza tena. Akaitisha bomba kubwa, lile la mgongoni, wakapuliza mpaka ndoo ikajaa povu. Inzi wakatambaa wakakaa ukingoni, wakajipangusa miguu ya mbele kama watu waliotoka kula ubwabwa. Kisha mmoja akaruka polepole, akazunguka, akatua kwenye mdomo wa chini wa Waziri, akaanza kulamba.

"Tfu!" Kipaza sauti kilikuwa wazi. Jimbo zima lilisikia mate ya Mheshimiwa.

Nadhani tungekuwa bado tumesimama pale hadi leo kama si Dokta Lugendo kusogea mbele, kurekebisha miwani, na kutuokoa.

"Mheshimiwa Waziri, wananchi wenzangu. Kifungu cha kwanza cha Sheria ya Wadudu kinasema mdudu mharibifu ni yule anayekufa kwa Komesha. Sisi sote ni mashahidi kwamba hawa hawajafa. Kwa hiyo, kisayansi na kisheria, hawa si waharibifu."

Uso wa Waziri ulinawiri. "Umesikia, mama? Shamba lako halina mdudu mharibifu hata mmoja! Hongera sana!"

"Na funza waliojaa kwenye machungwa yangu?"

"Ni watoto wa nani hao?"

"Wa hawa inzi."

"Basi mtoto wa mdudu mwema ni mdudu mwema."

"Sasa, Mheshimiwa, kama wote ni wema, machungwa yangu anayaozesha nani?"

Waziri aliinama, akamsogezea uso karibu. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Hilo," alisema, "ndilo swali ambalo Serikali inakuuliza wewe."

Bi. Mwantumu akaamriwa apulize dozi tatu kwa mpigo msimu mzima, Bwana Shamba akisimamia. Na siku ya Sikukuu ya Chungwa, matunda yake yakionekana na kasoro, kibao cha pili.

Nilikuwa nimesimama karibu, nikamwona Dokta Lugendo akikunja karatasi zake. Nataka niseme jambo hapa. Mjinga simchukii. Waziri alikuwa mjinga, mbunge aliyetunga kifungu alikuwa na njaa. Lakini yule Dokta alikwenda kusoma ng'ambo kwa kodi zetu, na alichokisoma ni hichohicho, jinsi wadudu wanavyoizoea dawa na kuwarithisha watoto wao ugumu. Alijua kila kitu. Alikuwa analipwa posho ya kusahau.

* * *

Msimu ule jimbo zima lilipuliza dozi tatu, ili asionekane Bi. Mwantumu peke yake ndiye mzalendo. Harufu ilikuwa ya yai viza lililokorogwa na sabuni ya kufulia. Iliingia kwenye maziwa, kwenye nguo za watoto, kwenye ndevu za shehe. Vijana wa kupuliza walirudi jioni macho mekundu, wakikaa ukingoni mwa barabara kutapika, wanajifuta, wanacheka, wanatapika tena. Maji ya visima yalikuwa na mng'aro wa rangi rangi juu yake. Redio ya taifa ilitangaza kwamba hiyo ndiyo harufu ya maendeleo na kwamba mataifa jirani yanaionea wivu.

Inzi walinenepa.

Bi. Mwantumu naye alipuliza, mara ya kwanza. Alipomaliza alikaa chini ya mchungwa akatapika nyongo, na alipoinua macho akawaona inzi wawili wakipandana juu ya bomba lake, bado limelowa. Hapo ndipo alipolitupa lile dumu chooni, Mlezi Mkuu akiangalia juu anatabasamu.

Alichofanya baada ya hapo hakikuwa siri wala elimu ya ajabu. Kila mtu wa jimbo lile aliyezaliwa kabla ya Komesha alikumbuka kwamba zamani michungwa ilijaa maji moto, kwamba ukipanda kuchuma unang'atwa mpaka unalia, na kwamba machungwa yalikuwa safi, kwa sababu inzi haketi kutaga mahali ambapo maji moto wanazunguka. Tulikumbuka wote. Tulikuwa tunakumbuka huku tumefunga midomo.

Mahali pekee maji moto walipobaki palikuwa makaburini, kwenye mikorosho, kwa sababu marehemu hawakuwa na kadi ya pembejeo ya kugawiwa Komesha. Bi. Mwantumu alikwenda na magunia, akavikata viota na matawi yake, akavifunga ndani, akavitundika kwenye michungwa yake. Akafunga kamba kutoka mti hadi mti ili wavuke. Wakamng'ata shingo ikavimba, akawa anatembea kichwa upande. Kila siku aliokota machungwa yaliyodondoka, akayatia kwenye mifuko ya nailoni, akaifunga na kuianika juani ili funza wapikike humo. Ile mifuko ilivyonuka siwezi kuieleza. Ilivimba, ikatoa maji meusi, na ndani ukisikiliza unasikia kama mvua ndogo.

Bwana Shamba aliitwa Hizza. Alikuwa kijana mpole mwenye pikipiki ya Serikali. Alipokuja kukagua, alimkuta Bi. Mwantumu amevaa bomba mgongoni, anapuliza kwa bidii.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Unapuliza?"

"Si unaona?"

Hizza akanusa. Akanusa tena. Jimbo zima lilikuwa linanuka yai viza, ila pale palinuka maua ya michungwa. Kabla hajasema neno, kitu kikamng'ata shingoni. Akainua mkono.

"Usimuue," Bi. Mwantumu alisema upesi.

Hizza akamtoa kwa vidole, akamtazama. Rangi ilimtoka. "Mama! Huyu ni maji moto. Mharibifu wa daraja la kwanza. Kumfuga ni kesi, utanyang'anywa shamba leo leo."

"Na nisipomfuga nitanyang'anywa lini?"

Hizza alichuma chungwa moja, akalipasua kwa kidole gumba, akaliangalia ndani muda mrefu. Lilikuwa safi. Nadhani hakuwa ameona chungwa safi tangu atoke chuoni. Alilila lote, juisi ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Mimi nina familia, mama," alisema.

"Na mimi nina shamba, mwanangu."

"Nitasema umepuliza."

* * *

Sikukuu ya Chungwa ina desturi yake. Kila mkulima anatandika mkeka na kupanga rundo lake, Waziri anapita akichagua rundo bora, kisha mwenye rundo anaitwa jukwaani kummenyea Waziri chungwa mbele ya kamera za televisheni ya taifa. Waziri akishakula, meza kuu yote inakula, na sikukuu inahesabika imefunguliwa. Mmenyaji akishapewa kisu, habadilishwi mpaka mwisho. Hiyo ni itifaki.

Marundo mengi yalikuwa yamepakwa mafuta ya kupikia ili yang'ae. Nyuma ya kila rundo alisimama mtu na kipepeo cha ukili, akipunga bila kupumzika. Tuliambiwa ni kwa ajili ya joto.

Mheshimiwa Nyakunga alipita akishika kitambaa puani, akikisifia kila kitu, mpaka alipofika kwenye mkeka wa Bi. Mwantumu. Hapakuwa na kipepeo wala mafuta. Akalibonyeza chungwa, halikubonyea. Akalinusa, akafumba macho. Akaagiza lipasuliwe, na lilipopasuliwa alipiga kelele ya furaha.

"Komesha hiyo! Dozi tatu! Wananchi, huyu si ndiye yule mama aliyetuletea ndoo? Tazameni matunda ya utiifu!"

Wakampandisha jukwaani, wakampa kisu na sahani. Waziri akamshika mkono, akatangaza kwamba kibao chekundu kinang'olewa siku hiyohiyo, kwamba shamba ni mali yake maisha yake yote, na kwamba kama heshima ya pekee, gari kubwa la Wizara litakwenda kulipuliza Komesha bure kila wiki. Jimbo zima nalo litapanda hadi dozi nne, kwa mfano wake. Kilichobaki ni yeye kusema mbele ya kipaza sauti maneno mawili: Komesha inaua.

Bi. Mwantumu hakukipokea kipaza sauti. Ninyi mnaosoma mmeketi mtasema, aseme tu, tatizo nini? Shamba ndilo hilo linarudi mkononi. Lakini tulikuwa tumesimama pale chini, majirani zake, tukimtazama kwa macho yetu mekundu, na wapo waliokuwa wanakohoa. Alikuwa anatujua kwa majina.

Dokta Lugendo akamsogelea sikioni. "Sema, mama. Maneno mawili tu. Mimi nayasema kila siku na sijafa."

"Hongera, baba," alijibu. "Basi kisheria wewe si mharibifu."

Akashika kipaza sauti.

"Naitwa Mwantumu, wa Bondeni. Haya machungwa hayakupulizwa. Tangu nilipotapika mara ya kwanza, bomba langu lilikuwa na maji matupu. Nilifuga maji moto, kama mama zetu walivyokuwa nao, na yaliyodondoka nikayaokota. Hamna zaidi. Komesha haiui inzi, inatuua sisi. Kila mmoja hapa anajua, na huyu Dokta anajua kuliko wote."

Kisha akarudisha kipaza sauti, kwa adabu kabisa, kwa mikono miwili.

Haki ilitendeka haraka, lazima niisifu. Maji moto mmoja alikutwa anatembea kwenye kanga ya mtuhumiwa. Akawekwa kwenye sahani. Dokta Lugendo akapuliza tone moja. Sisimizi akajikunja, akafa. "Mharibifu," alitangaza Dokta, akirekebisha miwani. Hapo hapo shamba la Bondeni likatwaliwa kwa kosa la ufugaji wa waharibifu, likakabidhiwa kwa mtu anayeaminika, ambaye alikuwa ameketi safu ya pili na alishaanza kusimama. Gari la Wizara likaamriwa kwenda kuwapuliza waharibifu hao kesho yake asubuhi. Machungwa ya Bi. Mwantumu yakaitwa zao la haramu. Askari wakayakusanya mazima, mazuri yale, wakayamwaga shimoni na kuyakanyaga kwa buti. Mate yalinijaa mdomoni kwa hasira na kwa uchu, vyote pamoja.

Sasa hapo pakatokea tatizo ambalo Serikali haikulitazamia. Kamera zilikuwa zinarusha moja kwa moja, na Waziri alikuwa bado hajala chungwa. Likaletwa rundo lililoshika nafasi ya pili, la shemeji. Na mmenyaji, kwa itifaki, habadilishwi.

Bi. Mwantumu alichagua chungwa moja, akalimenya taratibu, ganda likatoka zima kama utepe. Akaligawa kwa vidole. Tuliokuwa mbele tuliona. Vipande vilikuwa vimegeuka rojo la kahawia, na ndani ya rojo walikuwa weupe, wanene, wengi, wanajipindua kwa sababu ya mwanga. Mmoja alijirusha kutoka sahanini, akaangukia kwenye tai ya Mheshimiwa.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema Bi. Mwantumu.

Waziri akamtazama Dokta. Dokta akatazama angani. Funza hawakuwepo, kisheria, na asiyeweza kula chungwa lisilo na kitu ana ugomvi na taifa. Mheshimiwa Balthazari Nyakunga akafungua mdomo. Akatafuna. Tulimsikia akitafuna, kipaza sauti kilikuwa karibu. Koo lilipanda, likashuka, likapanda tena. Machozi yakamtoka.

"Tamu," alisema.

Basi meza kuu ikala. Mkuu wa Jimbo alikula, wakurugenzi walikula, shemeji alikula, Dokta Lugendo alikula vipande viwili kwa kuwa kamera ilimrudia. Mhudumu mmoja, kwa mazoea tu, akamletea na Bi. Mwantumu sahani.

"Asante, mwanangu," alisema. "Mimi nyama sili."

* * *

Nyuma ya mahema kulikuwa na kilio cha matumbo ambacho sitakielezea, ila suti nyingi nzuri ziliharibika mchana ule. Askari waliitwa huko wote kushikilia vichwa vya wakubwa. Ndipo mama mmoja wa kijiji cha jirani alipomkaribia Bi. Mwantumu, aliyekuwa amekaa chini peke yake na mkeka wake mtupu.

"Dada, hilo gari la Wizara linakuja kupuliza kwako lini?"

"Kesho asubuhi."

Yule mama aliondoka, na wengine wakaondoka, mchana kweupe, kila mmoja akipitia nyumbani kuchukua gunia au foronya. Hizza aliwaona barabarani wakirudi kutoka Bondeni, wanakwenda wakijikuna shingo na kuruka ruka.

"Mmebeba nini?" aliuliza.

"Taka."

"Taka zinang'ata?"

"Zinang'ata sana, Bwana Shamba."

"Pitieni njia ya chini basi," alisema, "hii ya juu ina msafara." Akageuza pikipiki.

Asubuhi gari likapuliza michungwa isiyo na sisimizi hata mmoja, kutwa nzima, na Wizara ikatangaza kwamba waharibifu wote wa Bondeni wameangamizwa. Dokta Lugendo alipewa nishani.

Shamba halikurudi. Nalisema hili wazi kwa wale wanaopenda mambo yaishe vizuri. Bi. Mwantumu alihamia chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga, vumbi la unga linamkohoza, na asubuhi bado huamka kabla ya jua kwenda kumwagilia, mpaka akumbuke. Miti aliyoipanda na mumewe ina mwenyewe mwingine, mtu asiyejua hata mchungwa unachanua lini. Nikifikiria hilo naona uchungu mpaka leo, na wala sioni sababu ya kuuficha.

Msimu uliofuata machungwa safi yalianza kuonekana sokoni, hapa kidogo, pale kidogo. Ukiuliza mkulima siri yake anakujibu kwa sauti, "Dozi nne!" na huku shingo yake ina vipele. Shamba la Bondeni peke yake liligeuka dampo. Machungwa yalidondoka yakaozea palepale, inzi wakafunika jua, na shemeji akawa hawezi kupiga miayo bila kumeza.

Hizza akatumwa. Alimkuta Bi. Mwantumu anamenya mihogo nje ya chumba chake, akachuchumaa mbele yake, hakujua mikono aiweke wapi.

"Mama, nimetumwa na Mheshimiwa. Anaomba, lakini iwe kimya kimya, kwa masilahi ya taifa, kama unaweza kupata viota hata viwili vya wale… wa kwako. Ukikubali atakufikiria."

Bi. Mwantumu alimaliza muhogo aliokuwa nao mkononi, akautia kwenye beseni.

"Mwambie wamekufa wote. Si mlipuliza? Komesha inaua, mwanangu."

Hizza alikuwa mtumishi mwaminifu, alifikisha majibu neno kwa neno. Na Wizara, iliyokuwa ikiyangoja maneno yale mawili kutoka kinywani mwa Bi. Mwantumu tangu Sikukuu, iliyachapisha kwenye bango kubwa, jina lake chini kwa herufi nyekundu, ikalisimika kwenye lango la shamba lililokuwa lake. Nilipita pale jana. Jina halisomeki, inzi wamelikalia.